Marjorie Mbilinyi na hesabu ya jasho

Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwezi Julai 2013 haikumpa mfanyakazi wa nyumbani kiwango kimoja. Ilimpa vinne. Aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa alistahili shilingi 150,000 kwa mwezi. Aliyefanya kazi kwa ofisa anayelipiwa mtumishi na serikali, 130,000. Aliyefanya kwa watu wengine na kurudi kulala kwake, 80,000. Waliobaki, na hao ndio wengi, 40,000. Amri zilizofuata zimepandisha viwango, lakini ngazi imebaki ileile.

Mtu wa Kawe, Dar es Salaam, akilisoma jedwali hilo anaona mitaa yake. Kule Mbezi Beach kuna kuta ndefu na mageti ya umeme. Huku Ukwamani na Mzimuni vyumba vimebanana na ndoo zimepangwa barazani. Pande zote mbili kuna binti anayeamka wa kwanza, anafua, anapika, anambeba mtoto wa mwenzake mgongoni na kulala wa mwisho. Kazi ni ileile. Sheria inampima kwa cheo cha mwenye nyumba, utadhani jasho lake hupanda thamani likidondokea sakafu ya marumaru.

Sosholojia ya kazi hapa nchini ilichelewa kumwona binti huyo. Kwa miaka mingi mfanyakazi wa vitabuni alikuwa kuli wa bandarini, mkata mkonge wa Tanga au mwendesha mashine wa kiwanda cha nguo cha Urafiki. Aliyelazimisha mjadala uingie jikoni na shambani, kwa ukaidi ambao umedumu zaidi ya nusu karne, ni Profesa Marjorie Mbilinyi. Hakuwa peke yake, na shahada yake ya uzamivu ilikuwa ya elimu, si ya sosholojia. Lakini ukitaka kujua jinsi kazi, jinsia na nadharia ya jamii zilivyokutana Dar es Salaam, njia yake ndiyo inayoonyesha mengi zaidi, pamoja na mahali iliposita.

Mbilinyi alizaliwa New York mwaka 1943. Alikuja Tanzania katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, akaolewa na mchumi Simon Mbilinyi, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha, akachukua uraia na kuanza kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mlimani ya siku hizo ilikuwa inachemka. Walter Rodney alikuwa akifundisha historia na kuandika kitabu chake juu ya Ulaya na kudidimia kwa Afrika, kilichotoka mwaka 1972. Issa Shivji, akiwa bado kijana, alikuwa akiwauliza wenye madaraka ni tabaka gani hasa lililokuwa likitawala nchi ya wakulima na wafanyakazi. Wavuja jasho walitajwa katika kila mhadhara. Mke wa mvuja jasho hakutajwa.

Si kwamba nchi haikumjua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema waziwazi kwamba hakuna Mtanzania anayefanya kazi kuliko mwanamke wa kijijini, na kwamba wanaume wa vijijini, pamoja na baadhi ya wanawake wa mjini, huishi nusu ya maisha yao kama wako likizo. Ni kauli kali, na inastahili kukumbukwa. Hata hivyo iligusa bidii tu. Mwanamume alihimizwa ajitume, mwanamke akasifiwa, na mazao ya mikono yote miwili yakaendelea kuandikwa kwa jina la mkuu wa kaya. Kijiji cha ujamaa kilipogawa mashamba ya familia, kiligawa kwa mkuu wa kaya huyohuyo.

Kazi za mwanzo za Mbilinyi hazikuwa zimefika hapo. Mwaka 1969 alitoa utafiti juu ya elimu ya wasichana, akilinganisha mitazamo ya mabinti na ya baba zao, na tasnifu yake ya mwaka 1972 ilichunguza jinsi familia za vijijini zinavyoamua nani aende shule. Ni utafiti mzuri wa wakati wake, wakati ambapo wataalamu wengi waliamini kwamba kikwazo kimo kichwani: mila, fikra, mtazamo wa mzazi. Ukibadili mtazamo, binti ataingia darasani. Kilichomtoa Mbilinyi kwenye njia hiyo ni swali la kawaida kabisa: mzazi anayemzuia binti asiende shule anapoteza nini akimwachia? Anapoteza mikono. Anapoteza mtu wa kuchota maji, kupalilia na kulea wadogo, na baadaye anahatarisha mahari. Ukiliuliza hivyo, uamuzi wa elimu unakuwa uamuzi wa kazi, na mila inaanza kuonekana kama mkataba ambao upande mmoja haukuwahi kuusaini.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyozaa kazi zake bora. Chuoni palikuwa pameundwa vikundi vya wanawake watafiti, mojawapo Mradi wa Utafiti na Uwekaji Kumbukumbu za Wanawake, ulioanza mwaka 1980 na kujulikana kwa kifupi WRDP. Mwaka 1983 yeye na Ophelia Mascarenhas walichapisha bibliografia yenye maelezo juu ya maandishi kuhusu wanawake wa Tanzania. Kazi ya bibliografia haimpi mtu sifa wala haimpeleki kwenye majukwaa, lakini bila hiyo kila mtafiti huanza upya akidhani yeye ndiye wa kwanza.

Makala inayostahili kusomwa kuliko zote ni ile ya mwaka 1988 juu ya wake waliotoroka waume zao wilayani Rungwe kati ya 1919 na 1961. Mada yake inasikika kama ya baraza la wazee. Ndani yake mna nadharia nzima ya uchumi wa kikoloni.

Wanaume wa Rungwe, kama wa maeneo mengi ya nyanda za juu, walisukumwa na kodi na mahitaji ya fedha kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na hata Afrika Kusini. Mshahara wao ulikuwa mdogo kiasi cha kutotosha kulisha familia. Mwaka 1972 mwanasosholojia wa Afrika Kusini, Harold Wolpe, alikuwa ameeleza kwa nini mgodi uliweza kulipa kidogo namna hiyo: nyumbani kulikuwa na shamba, na shamba lililisha watoto, wagonjwa na wazee. Kwa maneno mengine, kijiji kiliufidia mgodi. Maelezo hayo yalipendwa sana Mlimani, na kwa haki, kwa sababu yaliunganisha handaki la dhahabu na mgomba wa nyuma ya nyumba.

Lakini hesabu hiyo ilichukulia kwamba mke atabaki shambani. Nyaraka za Rungwe zinaonyesha kwamba wengi hawakubaki. Walikimbilia misheni, miji, mashamba makubwa, na wanaume wengine. Wazee wakalalamika, mabaraza ya wenyeji yakajaa kesi za mahari, na maofisa wa wilaya, ambao kwa kawaida walijidai hawaingilii mambo ya nyumbani kwa watu, wakajikuta wakisaidia kurudisha wake. Hawakufanya hivyo kwa kupenda mila za Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe. Mke akiondoka, shamba linalala. Shamba likilala, mshahara wa mgodini hautoshi tena. Na chifu asiyeweza kuwatuliza wanaume wake hana maana kwa serikali iliyomweka. Sheria ya kimila iliyoandikwa na kutekelezwa katika mabaraza hayo ilikazwa kuliko ilivyokuwa, na ikawa sehemu ya mitambo ya kupata vibarua wa bei nafuu. Kazi ya kulazimishwa na ndoa ya kulazimishwa zikakaa katika faili moja.

Hapo ndipo palipo mchango wake kwa nadharia. Wengi waliokuwa wakiandika juu ya wanawake wakati huo walitafuta namna ya kuwaongeza kwenye picha: wafanyakazi na wanawake, wakulima na wanawake. Mbilinyi alichukua ndoa yenyewe, akaisoma kama msomi mwingine anavyosoma kiwanda. Nani anaelekeza kazi? Nani anaondoka na mazao? Anayegoma anafanywa nini? Mgomo, katika hali hii, ni kufungasha khanga alfajiri na kuondoka.

Palikuwa na ugumu mmoja ambao hakuukwepa. Yeye ni profesa, mzaliwa wa Marekani, anakaa na wanawake wa Rungwe ambao hawajui atakachoandika. Mwaka 1989, katika kitabu cha pamoja kilichotolewa Marekani juu ya masimulizi ya maisha ya wanawake, aliandika makala kuhusu kazi aliyofanya na bibi mmoja mkulima aitwaye Kalindile, na sehemu kubwa ya makala hiyo inahusu mahusiano yao wawili: nani aliuliza, nani alikataa kujibu, na masimulizi yakishachapwa ni mali ya nani. Wasomi wengi wa namna yake huweka mambo hayo kwenye shukrani za mwanzo, wakamaliza. Yeye aliyafanya kuwa mada, kwa kuwa kusimulia nako ni kazi, na kazi hiyo ilikuwa na mwajiri.

Katika hilo alikuwa na jirani wa kinadharia aliyekuwa amekaa karibu na Kawe kuliko wengi wanavyojua. Katika miaka ya 1960 Marja-Liisa Swantz, Mfini, aliishi na Wazaramo wa Bunju, kijiji ambacho leo ni mwendo wa daladala kupitia Tegeta. Kutokana na ukaaji huo aliandika juu ya mila na alama za jamii iliyokuwa ikibadilika, na katika miaka ya 1970 akawa miongoni mwa waanzilishi wa utafiti shirikishi nchini kupitia mradi wa Jipemoyo upande wa Bagamoyo. Utafiti shirikishi, yaani kwamba anayechunguzwa ashiriki kuamua nini kichunguzwe, leo umekuwa ibara ya lazima katika kila andiko la kuomba fedha. Wakati ule ulikuwa ugomvi halisi ndani ya chuo, kwa sababu ulimnyang'anya msomi haki ya kujua peke yake.

Mjini ni habari nyingine. Mbilinyi aliandika juu ya serikali ya kikoloni na wanawake wa mijini, lakini moyo wa kazi zake ulikuwa mashambani, kwenye kahawa, chai na vibarua wa makampuni makubwa ya kilimo, kama inavyoonekana katika kitabu chake cha mwaka 1991, Big Slavery. Aliyekuja kuusoma uchumi wa kaya za Dar es Salaam kwa kina ni Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1997.

Kawe ingeweza kuwa ukurasa katika kitabu hicho. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 palikuwa na kiwanda cha Tanganyika Packers, kilichosindika nyama ya ng'ombe kwenye makopo. Kazi ya machinjioni na kwenye mashine ndiyo kazi ambayo takwimu za ajira ziliijua: ina mkataba, ina king'ora, ina chama. Kiwanda kilisimama miongo kadhaa iliyopita. Leo jina hilo ni la viwanja vya mikutano ya siasa na ya injili, na kijana wa Kawe anaweza kulitaja kila siku kwa kondakta bila kujua kwamba kuna mtu aliwahi kulipwa mshahara pale.

Kiwanda kinapofungwa, familia haifungwi. Kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980 thamani halisi ya mshahara nchini ilianguka kwa zaidi ya nusu, na Tripp alionyesha jinsi kilichoziba pengo hilo kilivyotoka kwenye maandazi, vitumbua, mkaa, ushonaji na kuku wa kufuga, sehemu kubwa ikiwa mikononi mwa wanawake na watoto. Mfanyakazi mwenye kitambulisho akawa analishwa na mtu ambaye takwimu zilimwita mama wa nyumbani. Serikali nayo ilikuwa na maoni yake. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliwasaka waliodhaniwa hawana kazi ili wapelekwe mashambani, na wanawake waliokamatwa mitaani walitakiwa waonyeshe cheti cha ndoa. Ukiolewa, una kazi. Usipoolewa, u mzururaji, hata kama sinia la samaki wa kukaanga liko kichwani. Maofisa wa Rungwe wa mwaka 1930 wangeielewa mantiki hiyo mara moja.

Mwaka huohuo wa 1983, jijini humohumo, Mahakama ya Rufani ilielekea upande mwingine. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwanamke aliyeachika alidai sehemu ya mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama ipime mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mahakama za chini ziliona kwamba kupika na kulea si kazi ya namna hiyo. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakasema ni kazi, na ni mchango. Tangu hapo hukumu hiyo inatajwa katika kila kesi ya mgawanyo wa mali. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: mahakama iliona alikuwa amekwishapewa na mumewe fedha za mradi wa familia, akazitapanya. Kanuni ilishinda, mdai akarudi mikono mitupu. Msomi wa kazi na jinsia hawezi kupata mfano mzuri zaidi wa umbali uliopo kati ya kutambuliwa na kulipwa.

Kuhusu watumishi wa ndani, pengo la utafiti lilizibwa na Mwingereza Janet Bujra, aliyewahi kufundisha Dar es Salaam. Kitabu chake cha mwaka 2000 kinaonyesha kwamba utumishi wa ndani Tanganyika ulikuwa kazi ya wanaume, mpishi na boi wa Mzungu, na kwamba uligeuka kuwa wa wasichana polepole, huku ukishuka thamani. Mwajiri sasa naye mara nyingi ni mwanamke mwenye ajira, ambaye asingeweza kutoka Kawe saa 11 alfajiri kuwahi ofisini Posta kama binti kutoka Iringa au Singida asingebaki na mtoto. Hapa nadharia ya Mbilinyi inabanwa. Katika Rungwe, mstari ulipita kati ya mke na mume, pamoja na dola iliyomsaidia mume. Katika chumba na sebule ya Ukwamani mstari unapita kati ya mwanamke na mwanamke, na mume anasoma gazeti bila kuulizwa lolote.

Mwaka 1993 Mbilinyi alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, pamoja na wanaharakati kama Mary Rusimbi na msomi wa siasa Ruth Meena. Alipoondoka chuoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, kazi yake ya uchambuzi ilihamia TGNP, huko Mabibo. Mradi uliotikisa zaidi ulianza mwaka 1997: kusoma bajeti ya taifa kwa jicho la kijinsia. Wengine walidhani ni kudai fungu la wanawake. Hoja ilikuwa pana zaidi. Serikali ikipunguza fedha za maji au zahanati, huduma haitoweki. Inahamia kichwani mwa anayebeba ndoo na mikononi mwa anayemwuguza mgonjwa ndani. Bajeti inaonekana imebana matumizi, kumbe imemtwisha mtu asiyelipwa. Ni hoja ileile ya Rungwe, Hazina ikiwa imechukua nafasi ya mgodi.

Meena aliisogeza hoja hiyo mbele mwaka 2010 kwa makala juu ya manesi na wahudumu wa wagonjwa majumbani, wakati UKIMWI ulipokuwa umezijaza wodi na wagonjwa kurudishwa kuuguzwa na ndugu zao. Na utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006 ulikuwa wa kwanza nchini ambamo Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliwauliza watu walivyotumia saa zao 24.

Baada ya ushindi huo wa kuhesabiwa, lugha imelegea. Jinsia imekuwa kifungu cha warsha, chenye posho na fulana, na neno linalotawala ni kuwawezesha. Mwezeshwaji wa Kawe ni mama mwenye genge au meza ya chipsi. Anaweza kusubiri mkopo wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo wanawake hutengewa 4. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Akishindwa kusubiri, anachukua mkopo wa mitaani uitwao kausha damu. Marejesho ni ya wiki, wakati mwingine ya siku, wenzake wa kikundi ndio dhamana, na akikwama wanakuja kubeba televisheni na godoro. Mama huyu hana bosi, ndivyo tunavyoambiwa, ni mjasiriamali. Maswali ya Mbilinyi kuhusu ndoa yanamfaa palepale: nani anaelekeza saa zake, nani anaondoka na faida, na akikimbia anafanywa nini? Anakimbia, kwa kweli. Wapo wanaohama mtaa usiku kwa sababu ya marejesho. Utafiti wa wakopaji waliotoroka Dar es Salaam ungekuwa mrithi halali wa ule wa wake waliotoroka Rungwe.

Takwimu nazo hazikutulia. Oktoba 2013, miezi mitatu baada ya ile amri ya mishahara, wataalamu wa takwimu za kazi kutoka nchi nyingi walikutana Geneva katika mkutano wao wa 19 na kupitisha kipimo kipya. Kazi sasa ni pamoja na kupika, kulea na kulima chakula cha nyumbani, jambo ambalo watafiti wa jinsia walilipigania kwa miongo. Kisha wakafafanua ajira upya: ni ile tu inayofanywa kwa malipo au kwa faida. Mwanamke wa Mabwepande anayelima muhogo akauuza, ana ajira. Jirani yake anayelima muhogo uleule kwa jembe lilelile, akaupika na kuwalisha wanawe, anatambuliwa kuwa anafanya kazi, lakini akiulizwa na karani wa utafiti wa nguvukazi anahesabiwa kuwa hana ajira.